Filimbi na Ufunguo kwenye Kamba Moja

Huku kwetu Boito mvua haimvizii mtu. Asubuhi jua linawaka, umande unakauka kwenye chai, na ikifika saa nane hivi wingu linaanza kujikusanya upande wa msitu wa Mau. Saa tisa limeshakuwa jeusi. Saa kumi linapasuka. Si kila siku, lakini siku nyingi mno, hata kuku wanajua saa ya kurudi. Ng'ombe wanajua. Wachumaji wanajua, utawaona wakitoka shambani na vikapu mgongoni kabla tone la kwanza halijaanguka. Kiumbe pekee ambaye hajawahi kujua ni kamati ya ligi ya watoto, ambayo kwa muda wote nilioifahamu imekuwa ikipanga mechi zake alasiri.

Nasema haya kwa dharau na sitaomba radhi. Nilikuwa refa wa ligi hiyo kwa miaka sita, na dharau yenyewe nitaigawa vizuri, kila mtu apate fungu lake, na langu nitalipata mwishoni.

Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuma chai ya kampuni. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, nikapata kazi ya ukarani kwenye kituo cha majani, pale wakulima wadogo wanapoleta chai yao ipimwe na kungoja lori la kiwanda. Kituo chenyewe ni banda la mabati lenye ukuta wa mbao na mlango wa kufuli, na limepakana na uwanja wa mpira. Jumamosi nikimaliza kupima, nilivua koti la kazi, nikavaa jezi nyeusi na kuingia uwanjani. Sikujisumbua hata kubadilisha kilichokuwa shingoni. Filimbi ya refa na ufunguo wa banda vilining'inia kwenye kamba moja, kamba ya kiatu cha mume wangu.

Ni lazima nieleze kuhusu majani, maana bila hayo hamtaelewa ujinga wetu. Jani la chai likishachumwa lina haki nyingi kuliko mkulima aliyelichuma. Halishindiliwi kwenye gunia. Halikaliwi. Halikanyagwi. Haliachwi juani likachomeka, na wala halinyeshewi, kwa sababu kiwanda hakitaki maji, kina maji yake. Mimi nilikuwa mkali kwa mambo hayo. Niliandika kwa chaki kwenye ubao wa banda, herufi kubwa: NGURUMO YA KWANZA, KILA GUNIA NDANI. Wakulima walinitii. Ngurumo ikisikika huko mbali, wazee wazima wenye wajukuu walikimbia na magunia kama wanafukuzwa na nyuki.

Hatua thelathini kutoka kwenye ubao huo, watoto walikuwa wakicheza mpira, na hakuna aliyewaandikia chochote.

Kamati ya ligi ilikuwa na watu saba. Walikuwa na makoti, kalamu mfukoni, na mhuri. Walikuwa pia na sanduku jeupe lenye msalaba mwekundu, ambalo mwenyekiti alilibeba mwenyewe kila mechi na kuliweka mezani mbele ya viti vya wageni ili lionekane. Siku moja mtoto alipasuka goti, nikafungua sanduku hilo. Ndani mlikuwa na sindano ya kujazia mpira upepo, kopo la dawa ya kuchua lililokauka, gazeti la zamani na nusu ya mkate. Nilimfunga mtoto yule goti kwa leso yangu. Mwenyekiti alinikasirikia, si kwa sababu ya goti, bali kwa sababu nilifungua sanduku mbele ya watu.

Na umri! Ligi ilikuwa ya watoto wa chini ya miaka kumi na mitano. Kwa upande wa wavulana niliwahi kuchezesha mechi ambayo beki mmoja aliitwa baba na mtoto aliyekuwa pembeni ya uwanja. Nilipouliza, kocha aliniambia huyo ni mpwa wake, wamezoea kumwita hivyo. Beki huyo alikuwa akigongana na watoto wa darasa la sita, nao wanaruka pembeni kama vifuu. Nilimtoa. Kamati ikamrudisha wiki iliyofuata na barua yenye mhuri.

Mara moja tu walitutafutia mafunzo ya huduma ya kwanza, siku moja, mjini Bomet. Walipaswa kwenda watu watano. Waliposikia chakula cha mchana ni uji na ndizi, wanne walipata dharura nyumbani. Nilienda peke yangu. Nikabonyeza kifua cha sanamu ya plastiki hadi mikono ikaniuma, huku mwalimu akinihesabia. Nakumbuka niliona aibu kidogo, mwanamke mzima amepiga magoti akisukuma mdoli.

Sasa kuhusu kipa mmoja wa timu ya wasichana.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mikono mirefu kupita kiasi, na hakuogopa mpira hata kidogo. Nilimwona mara ya kwanza akidaka kabichi walizokuwa wakirushiana na dada yake kwenye mkokoteni. Nikaenda kwao kumwombea ruhusa. Mama yake ni Mkipsigis, jirani, mwenye mistari michache ya chai nyuma ya nyumba, na kila siku ya kupima alikuwa wa kwanza kufika kituoni. Ni mtu wa maneno machache. Alinisikiliza huku akikamua ng'ombe, hakuinua kichwa hadi ndoo ilipojaa.

"Karani, mimi mpira sijui," alisema. "Mvua ndio najua. Ikianza kunguruma, nirudishie mtoto yangu."

"Usiwe na wasiwasi, mama," nikamwambia. "Mimi ndiye niko na filimbi."

Nililitamka hilo kwa maringo. Nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu sijapata njia ya kulisahau.

Msichana yule aliifikisha timu yake fainali. Na fainali, huku kwetu, haiwezi kuanza bila mgeni rasmi. Hili ni jambo ambalo mtu wa mbali anaweza kudhani ninatia chumvi. Timu zinaweza kuwepo, mpira ukawepo, jua likawepo, refa akawepo, lakini kama mgeni rasmi hajafika, hajapewa mkono na kila mchezaji, na hajazungumza, basi hakuna mechi. Watoto watangoja. Kungoja mkubwa tumekugeuza kuwa sehemu ya mchezo, na tunakufundisha vizuri kuliko kupiga pasi.

Siku hiyo ilipangwa tuanze saa nane. Mgeni alikuwa mheshimiwa fulani, sitasema wa nini, maana huku waheshimiwa ni wengi na wote watadhani ni wao. Saa nane hakuwepo. Saa tisa hakuwepo, akapiga simu kwamba yuko njiani, yaani anaoga. Watoto walisimama kwenye mistari miwili bila maji, wamevaa njumu walizoazima. Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya msitu. Na banda langu lilikuwa limejaa magunia hadi mlangoni, kwa sababu lori la kiwanda lilikwama kwenye matope huko chini. Nilikuwa nimelifunga kwa kufuli mwenyewe.

Alifika saa tisa na nusu kwa magari mawili. Akasalimia wachezaji mmoja mmoja akipigwa picha, akasimama chini ya hema, akashika kipaza sauti. Alizungumza juu ya vipaji. Alizungumza juu ya barabara. Alisema watoto hawa ni viongozi wa kesho, na hapo ndipo ngurumo ya kwanza ikasikika, ndefu, nzito, upande wa Mau. Mheshimiwa akacheka, akasema hata mbinguni wanampigia makofi. Watu wakapiga makofi kweli.

Bibi mmoja mwenye nyumba karibu na kona ya uwanja alitoka mlangoni wakati ule akiwa na shoka alilolipaka majivu ya mekoni. Akalirusha uani kwake, akasema maneno kwa Kikipsigis, akarudi ndani na kufunga mlango. Ni desturi yao ya zamani ya kuituliza radi. Vijana wakamcheka. Mimi pia nilitabasamu, Mkristo safi niliyesoma. Leo nasema hivi: uwanja mzima ulikuwa na watu zaidi ya mia tatu, na mtu pekee aliyefanya jambo lolote kuhusu ile ngurumo alikuwa yule bibi na shoka lake.

Nilimwendea mwenyekiti. Nikamnong'oneza kwamba tuahirishe.

"Madam refa," alisema bila kunitazama, macho kwa mheshimiwa, "wewe unataka nimwambie mheshimiwa arudi nyumbani? Hii mvua si ni ya kila siku?"

"Kunanguruma, mwenyekiti."

"Hiyo iko mbali. Iko huko msituni."

Kocha wa timu ya yule kipa alikuwa karibu, akaingilia. "Hiyo ni sauti tu, madam. Sauti ilishaua nani?"

Basi. Hayo ndiyo yaliyosemwa. Ningependa kuwaambia nilibishana, nikapiga meza. Sikubishana. Nilisema "sawa", nikaingia katikati ya uwanja, nikapuliza filimbi, na mechi ikaanza saa kumi kasoro dakika kumi.

Wakati mpira unachezwa, wachezaji wa akiba walikuwa wamejikunyata karibu na banda, wasichana kama kumi. Matone ya kwanza yalianza. Mmoja wao akaniita nilipopita karibu na mstari.

"Madam, tufungulie tuingie!"

"Mtakanyaga majani," nikajibu, nikaendelea kukimbia.

Nilijibu bila hata kufikiri. Ilikuwa sheria, na mimi ndiye niliyeiandika.

Ngurumo ya pili ilikuja karibu. Ya tatu ilikuja pamoja na mwanga wake, na mpira ulikuwa umetoka nje. Nikautazama mkono wangu ukipanda na filimbi. Nikatazama hemani. Mwenyekiti alinipungia mkono, endelea, endelea. Mheshimiwa alikuwa amesimama na mwavuli wake umeshafunguliwa na mtu mwingine. Mechi ilikuwa sare, watu wanapiga kelele. Niliamuru mpira urushwe.

Sijui niseme nini kuhusu radi yenyewe. Sikuisikia. Niliona kila kitu cheupe, kisha nikaona matope karibu sana na uso wangu. Nilipoinuka, mkaratusi uliokuwa nyuma ya lango ulikuwa umechanika kutoka juu hadi chini, magome yametapakaa uwanjani, na kipa wangu alikuwa amelala chini ya mlingoti wa chuma wa goli, mikono yake mirefu imenyooka kando.

Watoto walikimbilia bandani. Walikuta kufuli. Niliwasikia wakipiga mlango kwa ngumi.

Mheshimiwa na magari yake mawili waliondoka kabla sijafika golini. Nitakuwa mkweli, labda hawakujua. Walikuwa wakikimbia mvua, na viti vya wageni vilielekea upande mwingine. Mwenyekiti alikuja mbio na sanduku lake jeupe, akaliweka chini kando ya yule mtoto, akasimama akilitazama.

Alikuwa hapumui. Nikapiga magoti kwenye maji, nikaweka viganja kifuani mwake, nikaanza kubonyeza kama nilivyobonyeza ule mdoli wa plastiki Bomet. Nilihesabu kwa sauti. Kila nikiinama, filimbi na ufunguo viligongana mbele ya macho yangu na kumdondokea mtoto shingoni. Nikapiga kelele mtu aikate hiyo kamba. Bibi wa shoka ndiye aliyekuja, akaivuta ikapita kichwani mwangu, na bila kuambiwa akaenda kuwafungulia watoto mlango. Wakaingia wote, wakakaa juu ya magunia, wakatetemeka. Majani hayakudhurika.

Sijui nilibonyeza kwa muda gani. Alikohoa. Nimewahi kuzaa mara tatu, na sijawahi kufurahia sauti kama ile.

Lori la kiwanda lilitokea likiwa limejaa matope hadi kwenye vioo. Dereva alishuka akitaka magunia, akaona, akasema neno moja tu, "Pandisheni." Alimpeleka hospitalini bila kupakia hata gunia moja. Lori lilirudi kesho yake mchana, na majani yale niliyoyalinda yalikuwa yameshakuwa mekundu na yananuka. Yalimwagwa yote.

Msichana alipona, kama kupona ni neno lake. Sikio la kushoto halisikii. Mguu una kovu la kuungua kutoka gotini hadi kwenye kisigino, mahali njumu ilipopasukia. Nilipomtembelea wodini aliniuliza nani alishinda. Nikamwambia mechi ilivunjika. Akauliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejua anapiga kelele, kama itarudiwa.

Itarudiwa! Kamati ilikaa wiki iliyofuata, nami niliitwa. Jambo la kwanza kwenye ajenda lilikuwa barua ya kumwomba mheshimiwa msamaha kwa kuharibikiwa na siku. La pili lilikuwa tarehe ya marudio, ambayo walipanga saa nane, yaani saa kumi. La tatu lilikuwa "ajali". Mjumbe mmoja alisema amesikia msichana alikuwa na kibanio cha chuma kwenye nywele. Mwingine alisema wasichana hawafai kudaka. Mwenyekiti akafunga kikao kwa kusema ulikuwa mpango wa Mungu, na wote wakaitikia amina.

Nilisimama. Niliwaambia Mungu hajawahi kuhudhuria vikao vyao, ratiba waliandika wao. Niliwaambia mechi zichezwe saa tatu asubuhi au wamtafute refa mwingine. Wakaniambia asubuhi watoto wanachuma chai na kupeleka maziwa, na isitoshe wageni wakubwa hawaamki mapema. Wakatafuta refa mwingine. Ni kijana mtulivu kutoka Sosiot, wanamsifu kwa sababu hana maneno mengi. Mimi wananiita Madam Mawingu. Jina hilo nalipenda kuliko yote waliyonipa zamani.

Ligi inaendelea hadi leo. Nipo pale pale kituoni. Jumamosi alasiri, wingu likikaa msituni, nasogeza magunia upande mmoja, nafungua mlango wa banda na kuufunga wazi kwa waya ili upepo usiurudishe. Ngurumo ya kwanza ikilia, natoka hadi kwenye mstari wa uwanja na kuwaita watoto kwa sauti yangu yote. Wengine wanakuja, wengine wanamtazama kocha kwanza. Wakulima wakilalamika kuhusu viatu vya matope nawaonyesha ubao. Nimefuta neno GUNIA nikaandika MTOTO, na walioudhika wameandika barua kiwandani.

Sasa fungu langu, nililoliahidi. Kamati ni wajinga, na mheshimiwa ni mheshimiwa. Lakini mwenyekiti hakuwa na filimbi. Kocha hakuwa na ufunguo. Vyote viwili vilikuwa kifuani mwangu, vinagongana kila hatua niliyopiga uwanjani, na nilitumia kimoja kuanzisha mechi na kingine kuwafungia watoto nje.

Jumatatu baada ya ile fainali, mama wa yule kipa alikuja kituoni. Alikuwa amelala hospitalini siku mbili, akarudi kuchuma kwa sababu chai haingoji. Foleni yote ilimpisha. Aliweka kikapu chake kwenye mzani, nikasoma, nikaandika, nikakosea tarakimu, nikaifuta na kuandika tena. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nimekitayarisha usiku kucha.

Aliinua kichwa kabla sijafungua mdomo, akatazama ndani ya banda.

"Karani," akasema, "siku ile, majani yalinyeshewa?"

"Hapana, mama. Hayakunyeshewa."

"Basi afadhali," akasema, akachukua kikapu chake na kwenda.